Vitunguu vinavuka Namanga, daftari la gari halivuki

Asiyeijua barabara ya kushuka Mang'ola kutoka Karatu na awaulize wanunuzi wa vitunguu. Kiangazi ni vumbi na mawe; masika ni tope linalomeza gurudumu zima. Lakini vitunguu vya bonde la Ziwa Eyasi havingoji barabara ikauke. Vikishang'olewa vinataka mnunuzi, na anayefika shambani kwanza ndiye anayechagua mzigo na kupanga bei. Sisi tunaovusha mzigo huo Namanga kwenda Nairobi tunajua kwamba faida ya msimu mzima inaweza kuliwa na siku mbili za kukwama njiani.

Ndiyo maana, baada ya miaka minane ya kukodi magari ya watu, niliamua kununua langu. Sikutaka lori; malori ya kukodi yapo. Nilitaka gari la kuingia shambani, kukagua mzigo, kulipa wakulima na kutoka salama hata mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Kila fundi niliyemuuliza pale Arusha alinipa jibu lile lile: mama, tafuta Land Cruiser hadtopu, lenye mkonga, injini 1HZ. Ni dizeli ya lita 4.2, haina taabo, na karibu kila fundi wa njiani anaijua. Ikikufia Barazani, atapatikana mtu wa kuifufua.

Tatizo ni kulipata. Magari madogo ya kawaida tunayaagiza Japani kwa simu ya mkononi kama tunavyoagiza nguo. Lakini familia hiyo ya Land Cruiser, wanayoiita 70, Toyota iliacha kuiuza nchini Japani mwaka 2004, ikairudisha kwa muda mfupi 2014, kisha tena 2023. Kwa hiyo yale makuukuu tunayoyataka hayajai kwenye minada ya huko. Mengi yako hapa hapa kwetu: kwenye mashamba makubwa, misheni, kampuni za utalii na mashirika ya misaada. Yakishachakaa huuzwa mtu kwa mtu. Na mara nyingi anayeuza hayuko mji wako, wala nchi yako.

Langu nililiona Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Yaani Arusha hadi Namanga, Namanga hadi Nairobi, kisha kilomita kama 200 nyingine kuelekea kaskazini. Mwuzaji alikuwa mzee mstaarabu, mkulima. Alinitumia picha zaidi ya 20: gari jeupe, mkonga, matairi mapya, chini ya boneti pakiwa pakavu. Bei, shilingi milioni 1.75 za Kenya. Nikamwuliza kuhusu karatasi. Akanijibu kwa upole wa watu wa huko: "Usijali, mama. Gari iko sawa kabisa na logibuku iko. Lakini kuna mtu wa Meru anakuja kesho asubuhi. Ni wewe tu nangoja."

Msomaji, wewe ni mfanyabiashara kama mimi. Maneno ya "kuna mtu anakuja kesho" tunayatumia wenyewe kila siku sokoni. Nilipaswa kuyatambua. Badala yake nilituma arubuni ya shilingi 250,000 za Kenya usiku ule ule, nikalala nikiota niko Mang'ola.

Siku ya tatu nikafika Nanyuki na fundi wangu. Gari lilikuwepo kweli. Fundi alilala chini yake kwa saa nzima, akaliendesha mlimani, akarudi akitabasamu: chuma ni kizima. Ndipo nikaomba logibuku. Mzee akaileta kwenye bahasha. Haikuwa na jina lake. Ilikuwa na majina mawili: la mtu tusiyemjua na la taasisi ya mikopo. Mzee alikuwa amelinunua gari kwa yule mtu miaka minne nyuma, wakaandikiana karatasi, wakashikana mikono, na hakuna aliyekwenda kubadilisha umiliki. Mwenye jina alikuwa ameshafariki, mirathi iko mahakamani, na kama mkopo ulilipwa au haukulipwa hakuna pale nyumbani aliyejua.

Mzee hakuwa tapeli. Yeye mwenyewe aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia hilo akataka kunikabidhi mimi bila kulifungua. Arubuni yangu alikuwa ameshailipia karo ya binti yake. Amenirudishia 100,000 kwa mafungu. Zile 150,000 bado naziulizia, na kila ninapompigia anapokea, ananisalimia vizuri na kuniombea heri. Mtaji wa msimu mmoja umebaki Nanyuki katika hali hiyo.

Hoja yangu leo si kumlaumu mzee huyo. Hoja yangu ni kwamba mpaka wetu umefunguliwa kwa bidhaa, haujafunguliwa kwa habari za bidhaa. Siku hizi gari langu la vitunguu hukaguliwa Namanga mara moja tu, kwenye kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi 2018, maofisa wa nchi mbili wakiwa chini ya paa moja. Hati ya uasili ikisomeka kwamba vitunguu ni vya Tanzania, mzigo unapita. Lakini swali dogo kama "Je, huyu anayeniuzia gari ndiye mwenye gari?" halina dirisha pale kituoni. Jibu lipo kwenye daftari la Nairobi, Dodoma, Kampala, Kigali, Bujumbura au Kinshasa, na kila daftari limefungwa na ufunguo wa kwake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: na mali yenye daftari usiloweza kulisoma hupotea vile vile.

Daftari kwanza, chuma baadaye

Hatimaye nilinunua gari jingine, kutoka kwa mtu wa Nakuru, na sasa linafanya kazi. Lilinichukua wiki tano. Nieleze nilivyofanya, maana najua wako wasomaji Mutukula, Kabanga, Rusumo na Tunduma ambao wiki hii wanatumiwa picha kwenye simu.

Kwanza, nilibadilisha mpangilio. Sisi wanunuzi huanza na chuma: tunauliza injini, matairi, bei. Karatasi tunaziacha mwisho, kama vile ni sherehe ya kufunga biashara. Safari ya pili nilianza na karatasi. Kabla sijauliza bei ya mwisho nilimwomba mwuzaji picha ya logibuku pande zote, kitambulisho chake, na namba ya chasisi aliyoipiga picha kwenye chuma chenyewe. Kwenye Land Cruiser hizi namba hugongwa kwenye chasisi upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Picha ya kibati kilichopigiwa ribiti haitoshi, kibati huhamishika. Namba ya chuma, namba ya kibati na namba ya logibuku zote tatu lazima zifanane hadi herufi ya mwisho.

Kisha nikaomba anipigie simu ya video akiwa amesimama kando ya gari, asubuhi, kabla injini haijawashwa. Hili lina faida mbili. Tapeli aliyeiba picha za gari la mtu hawezi kulifanya. Na dizeli kuukuu husema ukweli ikiwa baridi: ikiwaka kwa taabu na kutoa moshi usiokwisha, umeshajua mengi ukiwa bado kwako.

Pili, nilimtafuta wakili Nairobi. Ada yake ilikuwa ndogo kuliko ile arubuni niliyoipoteza. Kenya ina utaratibu wa kutafuta taarifa za gari kwa namba yake kupitia mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, na majibu yanaonyesha nani amesajiliwa kuwa mwenye gari. Ipo pia rejesta ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017, ambako mkopeshaji huandikisha kwamba gari fulani limewekwa rehani. Mwananchi wa Kenya hufanya utafutaji huo kwa dakika chache. Mimi wa Arusha, nisiye na kitambulisho cha Kenya wala namba ya mlipa kodi ya kule, ilinibidi nimlipe mtu aufanye kwa niaba yangu. Hapo ndipo umbali wa kweli ulipo. Nakuru nafika kwa basi. Daftari la Nakuru sifiki bila wakili.

Tatu, polisi. Nilitaka namba za chasisi na injini zilinganishwe na kumbukumbu za magari yaliyoibwa. Interpol ina hifadhidata ya magari ya wizi, na kila nchi mwanachama ina ofisi yake ndani ya jeshi la polisi. Usione aibu kuomba hati hiyo, wala usikubali mwuzaji akwambie kuomba ni kumtukana. Kwetu hata ng'ombe wa mnadani hauzwi bila barua ya mtendaji wa kijiji inayosema ametoka zizi gani. Gari la mamilioni litavukaje mpaka kwa heshima ya mdomo tu?

Nne ndipo chuma. Hapa sitasema mengi, fundi wako anajua. Ila mchague fundi wewe, umlipe wewe, na asiwe rafiki wa mwuzaji. Atazame chasisi kama ina mahali palipochomelewa, hasa zinaposhika springi, maana gari la shamba au la mbugani huchoka chini kabla halijachoka juu. Aingize gia ya fowili ya chini na atembee nayo kwenye tope, si kwenye lami. Asikilize difu. Aulize mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa kuwa 1HZ hutumia mkanda wala si cheni, na ukikatika unaweza kuondoka na injini. Tena aangalie kama namba ya injini ndiyo iliyo kwenye logibuku. Magari mengi ya umri huu yameshabadilishwa injini, na si dhambi, ila kama mabadiliko hayakuandikwa daftarini, mpakani utaambiwa uelezee wewe.

Tano, fedha. Sikutuma senti kwa simu. Tulikutana benki siku ya kuhamisha umiliki, mimi, mwuzaji na wakili, na malipo yakatoka baada ya mwuzaji kuridhia uhamisho kwenye mfumo mbele ya macho yetu. Hati ya mauziano ikaandikwa kwa majina kamili, namba za vitambulisho, namba ya chasisi na kiasi halisi. Kiasi halisi, narudia. Wapo wanaoandika nusu ya bei wakidhani wanakwepa kodi. Forodha ina njia zake za kukadiria thamani, na siku mkigombana na mwuzaji, mahakama itakurudishia kile ulichoandika, si kile ulichotoa.

Hesabu ya pili, mpakani

Sasa naja kwenye jambo lililoniuma kuliko arubuni. Arubuni niliipoteza kwa haraka yangu mwenyewe. Hili lilinipata nikiwa nimefuata kila sheria.

Gari la Nakuru lilishalipiwa ushuru lilipoingia Kenya kwa mara ya kwanza, tena miaka mingi iliyopita. Lilifanya kazi ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki maisha yake yote. Lakini lilipofika Namanga kuingia Tanzania moja kwa moja, lilitazamwa kama limeshuka melini jana. Halikutengenezwa kwetu, kwa hiyo hati ya uasili haliwezi kuipata. Na ushuru uliolipwa Mombasa haulifuati.

Hesabu yenyewe ni hivi. Tuseme forodha imekubali kwamba gari lina thamani ya shilingi milioni 20 za Tanzania. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 5. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi sisi 2,000 ni asilimia 10 ya ile milioni 25, yaani milioni 2.5. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 ya milioni 27.5, yaani milioni 4.95. Jumla ni milioni 12.45. Hapo sijaweka nyongeza ya ushuru kwa gari lenye umri mkubwa, wala tozo nyingine ndogo ndogo, wala wakala wa forodha. Mnunuzi aliyepanga bei ya gari na nauli tu anafika Namanga, anaambiwa hesabu hiyo, na anakaa chini.

Wengine hapo huchagua njia ya mkato. Wanaingia na kibali cha muda, namba za Kenya zikiwa bado zimebandikwa, na kuendelea kulitumia gari Tanzania mwezi baada ya mwezi. Naelewa kishawishi, lakini nawasihi wasifanye. Kibali cha muda kimewekwa kwa ajili ya mgeni anayeingia na kutoka, si mkazi anayefanyia biashara. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu gari lililoingizwa kinyume cha utaratibu kukamatwa na kutaifishwa. Nimeona magari mazuri yanaota majani kwenye uwanja wa forodha, na wenyewe wanayapitia kando na mizigo kichwani.

Kila mpaka una mtego wake pia, na ni bora uujue kabla ya kusafiri. Anayetoka Tanzania au Uganda na gari kuukuu kulipeleka Kenya akumbuke kwamba Kenya haiandikishi gari lililotumika lililozidi umri wa miaka 8. Uganda mpaka wake ni miaka 15. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini wanaendesha kulia, na Rwanda iliweka zuio kwa magari madogo yenye usukani wa kulia. Kwa hiyo gari lile lile ni halali Mutukula na ni kesi Rusumo. Bima nayo: ulizia kadi ya njano ya COMESA kabla hujalitembeza gari nchi ya pili, maana Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo kwenye mpango huo.

Tunachoomba

Najua yatakayosemwa. Yuko atakayesema: nunua kwa mwenye yadi, achana na watu binafsi wa mbali. Nimeshaeleza kwamba gari la kazi la aina hii yadi hazina, au zinalo kwa bei ambayo mwuza vitunguu haifikii. Tena biashara ya mtu kwa mtu ndiyo biashara yetu. Tangu lini sisi tukanunua mahindi, samaki au vitenge kwa mwenye yadi? Tunanunua kwa mtu, kwa kuaminiana, na jumuiya hii iliwekwa ili kuaminiana huko kuwe na mahali pa kuegemea.

Yuko atakayesema daftari la magari lina siri za watu, haliwezi kufunguliwa kwa kila mgeni. Ni kweli, na sitaki siri ya mtu. Sihitaji kujua mwuzaji anakaa mtaa gani wala ana magari mangapi. Nahitaji majibu matatu ya ndiyo au hapana: je, jina lililo kwenye kitambulisho hiki ndilo lililo kwenye daftari? Je, gari lina deni lililoandikishwa? Je, limeripotiwa kuibwa? Niandike namba ya gari, namba ya chasisi na namba ya kitambulisho cha mwuzaji, nilipe ada, nijibiwe. Hata mwuzaji mkweli atafurahi, maana leo anateseka kuaminiwa kwa sababu ya waongo.

Na yuko atakayesema kuondoa ushuru kutafungua mlango wa magendo. Hili ni zito na linastahili jibu. Serikali zinaogopa kwamba gari litaingizwa nchi yenye kodi nafuu, likae mwezi mmoja, kisha lihamie nchi yenye kodi kubwa. Sawa. Basi wekeni muda: gari lililosajiliwa na kutumika nchi mwanachama kwa miaka kadhaa, lenye risiti ya ushuru wa forodha, lisitozwe ushuru huo mara ya pili. Kama viwango vya nchi mbili vinatofautiana, nilipe tofauti. Kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa kila nchi ibaki nazo; sina ugomvi na kulipia barabara ninazotumia. Ugomvi wangu ni na ule mmoja unaoitwa wa forodha, ndani ya umoja unaojiita wa forodha tangu 2005. Kwenye mfano wangu ule wa milioni 20, ushuru huo peke yake ni milioni 5, na kwa kuwa kodi nyingine hukokotolewa juu yake, kuuondoa kunashusha mzigo zaidi ya hapo.

Zingatieni pia kwamba anayekwepa leo hakwepi kwa kupenda uhalifu. Anakwepa kwa kuwa njia halali inamtoza mara mbili na njia ya giza inamtoza mara moja. Mkipunguza cha kwanza, mtakusanya kwa wale ambao leo hamkusanyi chochote.

Kwa hiyo kwa Sekretarieti iliyopo hapa hapa Arusha, na kwa wabunge wetu wa Bunge la Afrika Mashariki, tunaomba mambo mawili yasiyohitaji daraja wala reli. Moja, dirisha moja la kuulizia magari kwa nchi zote wanachama, linalofanya kazi kwa simu na kwa Kiswahili, na dawati lake liwepo kwenye kila kituo cha pamoja cha mpakani. Mbili, ushuru wa forodha uliolipwa na gari mara moja utambuliwe linapohama nchi. Mifumo ya forodha ya nchi zetu imeshajifunza kupashana habari za makontena yanayopita Mombasa na Dar es Salaam. Haiwezi kuwa imeshindwa kupashana habari za gari moja jeupe la Nakuru.

Na kwetu wafanyabiashara, tusisubiri dirisha hilo ndipo tuwe na akili. Tuna vyama vyetu mipakani. Chama kinaweza kumwajiri wakili mmoja kila upande, akafanya utafutaji kwa wanachama wote kwa ada ndogo, badala ya kila mmoja kuanza upya na kudanganywa upya. Kinaweza kuwa na orodha ya mafundi wanaoaminika Nakuru, Mbarara, Mwanza na Gitega. Na kiwe na sheria moja tu isiyovunjwa: hakuna arubuni kabla ya daftari. Akikwambia kuna mtu anakuja kesho, mwambie amkaribishe.

Wiki iliyopita nilikuwa Mang'ola. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na lori la mnunuzi mwenzangu lilikuwa limelala upande kwenye korongo. Nilipita taratibu na gari langu, nikafika shambani saa nne asubuhi, nikachagua mzigo. Nilifurahi, ndiyo. Lakini nilipokuwa nikiwahesabia wakulima fedha zao, simu ikalia. Ni yule mzee wa Nanyuki. Alikuwa ananiarifu kwamba mwezi huu hatakuwa na kitu, ila amepata mteja mwingine wa lile gari, mtu wa Moshi, na akishamlipa atanimalizia zangu zote.

Nilimwomba namba ya huyo mtu wa Moshi. Akasita, kisha akakata simu. Kama wewe ndiye, ndugu yangu, na umesoma hadi hapa: usitume.